Prometheus (2012): bajeti ya kutisha, swali la kutisha, halafu wanasayansi wa namna ile!

Mzee wa Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu. Jana nimeirudia Prometheus ya Ridley Scott, na ile hasira ya 2012 nimeikuta iko palepale. Ambaye hajaiona na anapanga kuiona apite pembeni, maana nitataja nani anakufa na anakufaje.

Kwa wadogo zetu ambao mwaka ule walikuwa chekechea: Scott ndiye aliyetupa Alien mwaka 1979, kisha Blade Runner mwaka 1982. Filamu mbili tu za kisayansi, na mpaka leo wenzake wanazichungulia kila wakitaka kujenga chombo cha angani au mji wa siku zijazo. Halafu akahama kabisa huko kwa miaka 30. Kapiga filamu za vita, za Warumi, za majambazi. Mara tunasikia mzee anarudi, tena anarudi kwenye ulimwengu uleule wa Alien, safari hii na dola milioni 120 na ushei. Matangazo nayo hayakuwa ya kitoto. Kulikuwa na video ya Guy Pearce akiwa tajiri Peter Weyland, anauhutubia umati mzima kwamba miungu sasa ni sisi. Kulikuwa na tangazo la roboti David, limetengenezwa kama vile unauziwa friji. Mtu mzima mimi, nilizirudia video zile mpaka nikazikariri.

Na filamu inavyoanza, haki ya Mungu, haidanganyi. Jitu jeupe limesimama kwenye maporomoko ya Dettifoss kule Iceland, maji ya kweli yale. Linakunywa kitu cheusi, mwili unaanza kumeguka kwa ndani, linatumbukia, vinasaba vyake vinasambaa majini. Hakuna aliyefungua mdomo lakini umeshaelewa kwamba uhai mahali pale umeanza kwa mtu kujitoa mwili wake. Nikajisemea leo ni leo.

Tunarukia mwaka 2089, kisiwa cha Skye, Scotland. Elizabeth Shaw na mwenzake Holloway wanakuta mchoro pangoni: watu wanaliangalia jitu linalonyooshea kidole nyota. Mchoro huohuo upo kwa watu wa kale waliokuwa mbali mbali, hawakuwahi hata kusikiana. Weyland anamwaga dola trilioni moja, chombo kinapakia watu 17, na Desemba 2093 wanatua kwenye mwezi wa mbali uitwao LV-223 kumtafuta aliyetuumba. Kumtafuta, na kumuuliza kwa nini.

Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Wengi wanailaumu filamu kwa kutojibu maswali. Mimi kwenye hilo simo. Swali kubwa likibaki wazi sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na waliotumwa kwenda kuuliza. Holloway anaingia kwenye jengo la viumbe asiowajua, kifaa kinamwambia hewa inavutika, anavua helmeti. Hewa kuvutika na hewa kuwa salama ni mambo mawili, na huyu ni msomi. Fifield, mtaalamu wa mawe, ndiye aliyerusha vile vidude vyekundu vinavyopaa na kuchora ramani ya mahandaki yote. Halafu yeye ndiye anayepotea. Mwenye ramani!

Lakini tukio la Millburn ndilo lililoniua. Hebu litazameni polepole. Huyu ni mwanabaiolojia. Saa chache zilizopita aliona maiti ya jitu lililokufa miaka 2000 nyuma, akaogopa, akageuza kurudi. Maiti kavu imemkimbiza. Usiku, kwenye chumba cha vyungu vinavyovuja ute mweusi, kinachomoka kitu kirefu cheupe, kinajiinua wima mbele yake, kinatanua shingo kama swila. Yeye anakiita kwa sauti ya kubembeleza. Ananyoosha mkono! Mtoto wa darasa la pili pale Kilosa hajasoma baiolojia, lakini mkono hanyooshi. Kitu kikamvunja mkono, kikaingia ndani ya suti, kikamalizana naye, na mimi sikuhuzunika hata nukta.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Umenibebea swali zito kuliko yote mtu anayoweza kuuliza, halafu umelikabidhi kwa watu ambao nisingewaachia ufunguo wa stoo.

Na msiniambie mzee alishachoka. Miaka mitatu baadaye, 2015, Scott huyuhuyu alitoa The Martian. Mtaalamu wa mimea kaachwa peke yake Mars, anapiga hesabu ya chakula, analima viazi, anatengeneza maji. Ile dhoruba ya mwanzo haiwezekani kabisa, hewa ya Mars ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa hewa yetu, upepo wake haupindui chombo. Nani alilalamika? Tulimsamehe, kwa sababu tulimwona mtu anajua kazi yake. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 600.

Karibuni tubishane.

Tausi Mweusi

Vickers, yule bosi wa kampuni ya Weyland mle chomboni. Chombo cha umbo la kiatu cha farasi kinabiringika nyuma yake, kulia uwanda mtupu, kushoto uwanda mtupu, dada anakimbia mbele moja kwa moja kukifuata kinakokwenda. Shaw kaanguka, kajiviringisha pembeni mara chache, kapona. Charlize Theron mzima mmemlipa aje afe hivyo?

Kijana wa Pangani

@Tausi Mweusi 😂😂 nilisimama ukumbini nikapiga kelele "pinda weee!"

Kokoto Ngumu

Mleta mada umenigusa penye kidonda. Mimi kazi yangu ni mawe, niko Kanda ya Ziwa miaka mingi sasa, na Fifield ametudhalilisha sisi wote.

Tuanze na hewa. Shimo lililokaa bila watu huliingii kwa sababu unaweza kuvuta pumzi kwa dakika moja. Hewa chafu haina rangi na mara nyingi haina harufu. Mchimbaji mdogo asiye na cheti chochote analijua hilo, maana kuna mtu alimzika kwa sababu hiyo. Anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, lililoachwa anataka kwanza kompresa ipulize hewa, na juu abaki mwenzake ameshika kamba.

La pili, na hili naona hakuna anayelisema. Kwenye mgodi mkubwa kila anayeshuka ana kibati chake, anakitundika ubaoni. Akitoka anakitoa. Baruti haipigwi mpaka ubao uwe mtupu. Hakuna bosi wala profesa anayeuzidi ubao. Sasa hawa wako watu 17, dunia ngeni, dhoruba inakuja, wanakimbilia magari yao na kurudi chomboni, na ndipo wanapogundua wawili hawapo! Wale wawili walitangulia kuondoka. Hakuna aliyewahesabu, hakuna aliyewaita kwenye redio kuuliza mmefika? Trilioni nzima ya dola, kibati cha shilingi mia tano hawana.

Na ramani ile haikuwa mkononi mwa Fifield peke yake. Ilikuwa inaonekana chomboni, mbele ya Kapteni Janek, kubwa, ya kung'aa, na watu wanaonekana walipo. Angeweza kuwaongoza kona kwa kona. Baadaye anawaambia kuna kitu hai kimeonekana karibu yao, halafu anaondoka kwenye mitambo kwenda kulala na Vickers. Haachi mtu zamu. Idris Elba nampenda, lakini kapteni huyo angekuwa bosi wangu ningeandika barua ya kuacha kazi jioni ileile.

Mambo ya kichwa cha lile jitu nayaruka. Wamekiokota mchana, saa chache baadaye wanakitia umeme mpaka kinapasuka. Sampuli pekee!

Jirani wa Kisumu

Wandugu, mnamwonea huyu mzee. Kwanza hiyo filamu haikuanguka. Iliingiza kama dola milioni 400 duniani na ikateuliwa Oscar kwa upande wa picha za kiufundi. Seti nyingi zilijengwa kweli pale Pinewood, ndiyo maana ukiiangalia leo haijazeeka. Kuna filamu za mwaka jana zinaonekana mbaya kuliko hiyo.

Pili, mnataka wanasayansi wawe malaika. Mimi baada ya 2020 niliacha kucheka tukio la helmeti. Niliona kwa macho yangu watu wenye digrii zao wakivuta barakoa chini ya kidevu ili waongee na simu. Holloway ni mtu wa aina hiyo. Anajiamini, ana hamu, ameona kile alichokitafuta maisha yake yote. Kosa lake ni la kibinadamu.

Halafu mmemsahau David. Fassbender, aliyemwigiza, amebeba hiyo filamu mgongoni. Miaka miwili wenzake wamelala, yeye yuko macho peke yake anajifunza lugha za kale, anacheza mpira wa kikapu juu ya baiskeli, anapaka nywele rangi afanane na mtu aliyemwona kwenye filamu ya zamani. Na ile meza ya biliadi na Holloway: roboti anauliza mlinitengeneza kwa nini, jamaa anajibu kwa dharau kwamba kwa sababu tuliweza. David anamuuliza, je, na wewe ukienda kwa aliyekuumba ukapewa jibu hilohilo? Filamu nzima iko hapo. Wahandisi, yaani yale majitu yaliyotuumba, wanatutazama kama Holloway anavyomtazama David. Upumbavu wa binadamu ndiyo hadithi yenyewe.

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Jirani, kwa David tuko pamoja, na meza ya biliadi ndiyo dakika tatu nzuri kuliko zote mle. Lakini hoja yako ya binadamu kukosea naipinga kwa kutumia Scott mwenyewe.

Rudi Alien ya 1979. Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, kaenda kuinamia yai, kiumbe kimemrukia usoni. Kosa, sawa? Wanamleta mlangoni. Ripley, ofisa mwenzake na stelingi wa filamu, yuko ndani, anakataa kufungua. Anasema sheria ya karantini ni saa 24. Kapteni Dallas yuko nje anamwamuru afungue, Ripley anashikilia. Anayefungua ni Ash, ofisa wa sayansi. Unajiuliza huyu mtu wa sayansi anavunjaje sheria yake mwenyewe? Filamu inakuja kukujibu: Ash si mtu, ni roboti, ana maagizo ya kampuni kwamba kiumbe kiletwe hata kama wafanyakazi wote watakufa. Umeona? Kosa lile lina mwenyewe. Lina sababu. Ukilirudia mara ya pili linatisha zaidi.

Sasa niambie kosa la Millburn lina mwenyewe gani. Mwandishi alitaka maiti ya kwanza ifikapo katikati ya filamu, basi.

Na cha ajabu, mle ndani kuna mtu mmoja aliyefuata karantini: Vickers. Holloway anarudi ameoza kwa ugonjwa, yeye anasimama mlangoni na kirusha moto, anasema hapiti, anamchoma. Ni kile alichotaka kufanya Ripley, kwa ukali zaidi. Ripley tukampa ustelingi, Vickers filamu inatuchorea kama mwanamke mwenye roho ya barafu, kisha inambiringishia chombo.

Kokoto Ngumu

Hii ya Vickers na Ripley sikuwahi kuifikiria. Nakazia.

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya lakini kwenye upasuaji lazima niingie.

Shaw ni mgumba, wameshatuambia. David kamwekea Holloway tone la ule ute mweusi kwenye kinywaji, Holloway kalala na Shaw, na saa kumi baadaye anaambiwa ana mimba inayoonekana ya miezi mitatu. Anakimbilia mashine ya upasuaji iliyo kwenye makazi ya Vickers. Mashine inamwambia imepangwa kwa mgonjwa wa kiume tu. Wengi wanacheka hapo, mimi nilipenda sana, maana ni fununu: chombo kina mzee wa kiume kafichwa mahali, na mashine ni yake. Ndiyo uandishi wa maana huo. Shaw anaingiza maelezo kwa mkono, kitu kigeni tumboni, anajidunga sindano, miale inampasua akiwa macho, mkono wa chuma unazamisha koleo na kutoa kitu chenye mikia kinachorusharusha. Anafungwa kwa pini, tah tah tah. Tukio zima halina doa. Nilishika mkono wa kiti.

Baada ya hapo sasa! Mama aliyetoka kupasuliwa tumbo, siku ya kwanza tunamsaidia kugeuka upande. Kukohoa tu anakumbatia mto. Shaw anaruka, anakimbia, anadondoka kutoka juu. Nikasema sawa, dawa za 2093, nawapa hiyo.

Nisichowapa ni hiki. Anatoka akiyumba, damu mwili mzima, nguo za ndani tu, anaingia chumba ambacho Weyland anahudumiwa na watu kadhaa. Hakuna anayemuuliza dada umefanya nini. Hakuna! David anatoa kauli moja ya kejeli na maisha yanaendelea. Na kule nyuma amekiacha kiumbe hai kwenye mashine, hasemi, hawaulizi. Wodini kwetu ukipita na tone la damu kwenye kiatu unaulizwa na watu wanne. Hapo nilijua waandishi wameshahama, wanawaza tukio linalofuata.

Bwana Maelezo

Tatizo lilianzia kwenye karatasi. Skripti ya kwanza aliandika Jon Spaihts, ikiitwa Alien: Engineers, na ilikuwa utangulizi wa moja kwa moja wa ile ya 1979. Akaletwa Damon Lindelof, yule wa tamthilia ya Lost iliyoisha 2010 na kuacha watu wanagombana, kazi yake ikiwa kuivuta hadithi mbali na Alien isimame yenyewe. Matokeo yake imekuwa kama nyumba ya urithi iliyogawanywa kwa ndugu wawili: kila mmoja kavunja ukuta wake na kujenga anavyojua.

Ndiyo maana mashabiki walichanganyikiwa. Wanaona chombo kilekile, kiti kilekile cha lile jitu, wanadhani hapa ndipo Ripley na wenzake watakapokuja kutua. Siyo. Ile ilikuwa LV-426, hii LV-223. Na Mhandisi wa mwisho hafi kwenye kiti, anafia kwenye makazi ya Vickers baada ya kukamatwa na kile kiumbe cha Shaw, ambacho kimeshakua kama pweza wa kujaza chumba.

Kijana wa Pangani

Swali la kweli: Wahandisi walitaka kutuua kwa nini?

Bwana Maelezo

Filamu haisemi. Inasema tu walikuwa wanajiandaa kuja duniani na ule weusi miaka kama 2000 iliyopita, ajali ikawakuta wenyewe. Scott kwenye mahojiano alikiri waliwahi kufikiria kwamba Yesu alikuwa mjumbe wa Wahandisi na sisi tukamsulubu. Wakaona hiyo ingekuwa wazi mno, wakaiacha.

Tausi Mweusi

Walifanya la maana kuiacha. Ingetafsiriwa ile mtaani kwetu kibanda cha video kingechomwa.

Jirani wa Kisumu

Hata David anapozungumza na Mhandisi hawakuweka maandishi chini. Mtaalamu wa lugha aliyewasaidia ndiye aliyekuja kueleza baadaye kwamba alikuwa anamwombea Weyland: huyu mzee hataki kufa, anaamini unaweza kumwongezea uhai. Na jibu la Mhandisi ni kumng'oa David kichwa. Mimi naona iko sawa bila maandishi, ukali wake unaeleweka.

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Hapo ndipo nilipoumia kuliko pote, Jirani. Mtu mmoja mle chumbani ana swali la maana, Shaw. Anapaza sauti waulizwe kwa nini, tumekosa nini? Anapigwa kitako cha bunduki anyamaze, na nafasi anapewa bilionea anayetaka miaka ya ziada. Kama filamu ingekuwa imetujengea watu tangu mwanzo, tukio hilo lingekuwa la kulia. Lakini kufikia hapo nimeshawaona Fifield na Millburn, nimeshamwona kapteni kaacha zamu, nimechoka, nawaona wote wanastahili.

Halafu kuna kipande kirefu zaidi cha tukio hilo walichokikata, kipo kwenye diski, Mhandisi anaongea kabla ya kuua. Bora kingebaki.

Bwana Maelezo

Na walioahidiwa majibu kwenye sehemu ya pili waliliwa tena. Alien: Covenant ya 2017: Shaw ameshakufa kabla haijaanza, David ameshawamwagia ule weusi mji mzima wa majitu, kwisha habari. Lile "kwa nini" limezikwa pamoja na mwulizaji na mwulizwaji.

Jirani wa Kisumu

Hiyo siitetei.

Kijana wa Pangani

Mimi niliiona mara ya kwanza ya kutafsiriwa, na mtafsiri aliamua lile jitu ni mzimu wa babu yake Weyland amekuja kudai shamba. Nawaambieni, ilieleweka yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nesi wa Zamu

😂 Huyo apewe sehemu ya tatu aandike.

Mpita Njia 88

Wakuu mimi sijaiona kabisa na nimesoma uzi mzima kama mjinga. Niiangalie au nisiangalie?

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Iangalie, tena kwenye kioo kikubwa na sauti juu. Ukifika usiku wa Fifield na Millburn nenda jikoni kachemshe chai, utarudi wameshakufa.

Kokoto Ngumu

Na ukitoka chumbani tundika kibati.